Kwa nini kompaila inakataa kwamba a ni a

Swali

Mwalimu, najifunza Haskell, mwezi wa tatu huu. Nimeandika funksheni ya kutenganisha orodha: vitu vinavyopita kipimo vikae upande mmoja, visivyopita upande wa pili. Ndani yake kuna funksheni ndogo ya kuipitia orodha, nayo nikaipa tamko lake la aina, yaani mstari unaosema inapokea nini na kurudisha nini, kama tunavyohimizwa. Kompaila ikakataa, ikisema ilitarajia `a` ikapata `a1`. Mimi sijaandika `a1` popote. Nikilifuta tamko la ndani, programu inakubaliwa. Inakuwaje tamko sahihi livunje programu sahihi? Na makosa haya ya funksheni polimofiki, zile zinazokubali vitu vya aina yoyote, yanasomwaje? Kila nikirekebisha hapa, kosa linahamia mstari mwingine.

Jibu

Nianze na msimbo wako mwenyewe, nimeufupisha kidogo tu:

```haskell
tenganisha :: (a -> Bool) -> [a] -> ([a], [a])
tenganisha kipimo orodha = pitia orodha ([], [])
  where
    pitia :: [a] -> ([a], [a]) -> ([a], [a])
    pitia [] (ndiyo, hapana) = (reverse ndiyo, reverse hapana)
    pitia (x:xs) (ndiyo, hapana)
      | kipimo x  = pitia xs (x:ndiyo, hapana)
      | otherwise = pitia xs (ndiyo, x:hapana)
```

Kompaila inasimama kwenye `kipimo x` na kutoa ujumbe huu, nikiacha mistari ya pembeni:

```
Couldn't match expected type ‘a’ with actual type ‘a1’
```

Yaani hapa palihitajika kitu cha aina `a`, wewe umeleta kitu cha aina `a1`. Ukiendelea kusoma chini utakuta mistari miwili ambayo wengi huiruka. Mmoja unasema `a` imefungwa na tamko la `tenganisha`. Wa pili unasema `a1` imefungwa na tamko la `pitia`. Jibu la swali lako limo katika mistari hiyo miwili, kwa hiyo tuikalie.

Tamko lako la ndani linaonekana sahihi, lakini halisemi ulichokusudia. Katika Haskell ya kawaida, kila tamko la aina hufunga herufi zake lenyewe, yaani majina kama `a` yanayosimama badala ya aina. Mbele ya tamko la `tenganisha` kuna maneno yasiyoonekana: "kwa aina yoyote `a`". Mbele ya tamko la `pitia` maneno hayohayo yanarudiwa upya: "kwa aina yoyote `a`". Sheria moja ikisema "mtu akivunja atalipa", na nyingine ikisema "mtu akiokota atarudisha", hakuna anayedhani kwamba aliyevunja ndiye aliyeokota. Neno ni lilelile, mtu si yuleyule. Herufi zako ziko hivyo. Kompaila ilipotaka kukueleza tatizo ikaona kuna `a` mbili tofauti, na ili usichanganyikiwe ikaipa ya pili jina la `a1`. Ndiyo maana unaiona herufi ambayo hukuiandika.

Sasa tazama ahadi iliyotolewa na tamko la ndani. Linasema `pitia` itafanya kazi kwa orodha ya aina yoyote duniani, bila kujali `tenganisha` imeitwa na nini. Chukulia mtu ameita `tenganisha even [1, 2, 3]`. Hapo `kipimo` ni funksheni ya kupima namba. Kwa mujibu wa tamko lako, hata katikati ya kazi hiyo `pitia` ingepaswa kukubali orodha ya maandishi, na mstari wa `kipimo x` ungekabidhi maandishi kwa funksheni inayojua namba tu. Ahadi hiyo haitekelezeki. Kompaila imekukatalia ahadi uliyoiandika bila kukusudia, na imekukatalia kwa haki.

Mbona ukifuta tamko inakubali? Kwa sababu hapo unaiachia kompaila ibaini aina yenyewe, nayo ina kanuni ya kale inayoilinda. Robin Milner alichapisha mwaka 1978 utaratibu wa kubaini aina za funksheni polimofiki alipokuwa akijenga lugha ya ML huko Edinburgh. Roger Hindley alikuwa ameshafikia jambo linalofanana nalo mwaka 1969 upande wa mantiki, na mwaka 1982 Luis Damas na Milner wakalikamilisha. Kiini chake ni kuoanisha aina: pale mbili zinapokutana, kompaila inatafuta namna ya kujaza nafasi zilizo wazi ili zilingane. Funksheni iliyofafanuliwa ndani ya `let` au `where` huruhusiwa kuwa polimofiki, lakini kwa herufi zile tu ambazo hazijashikwa na vitu vilivyoko nje yake. Bila tamko, kompaila inaiona `pitia` ikimtumia `kipimo`, na aina ya `kipimo` imeshaishika `a` ya nje. Kwa hiyo `pitia` inapewa `a` hiyohiyo, haipewi "aina yoyote" mpya. Ndicho ulichokitaka tangu mwanzo.

Njia ninayoipendekeza kwako ni kuifanya herufi ya nje ionekane mpaka ndani. Washa kiendelezi cha `ScopedTypeVariables` juu ya faili, kisha liandike lile neno lisiloonekana kwa mkono wako:

```haskell
tenganisha :: forall a. (a -> Bool) -> [a] -> ([a], [a])
```

Tamko la `pitia` libaki lilivyo. Sasa `a` ya ndani ni `a` ya nje kweli. Zingatia kwamba kiendelezi peke yake hakitoshi: usipoandika `forall a.` kwenye tamko la nje, herufi haishuki ndani. Hapa watu hupoteza saa nzima. Tena, tangu toleo la 9.2 la GHC, kompaila kuu ya Haskell, ukiiita moja kwa moja kiendelezi hicho huwa kimeshawashwa, ilhali mradi ambao faili lake la Cabal, chombo cha kusimamia miradi ya Haskell, limeandikwa `Haskell2010` hauna. Msimbo uleule unaweza kupita huku na kukwama kule.

Njia nyingine ni kuipa `pitia` kila inachokihitaji kupitia vigezo vyake:

```haskell
pitia :: (b -> Bool) -> [b] -> ([b], [b]) -> ([b], [b])
```

Hapo ahadi ya "aina yoyote" inatekelezeka, kwa kuwa kipimo na orodha vinakuja pamoja vikiwa vya aina moja. Nimetumia `b` makusudi. Kompaila haijali, lakini jicho la atakayesoma baadaye halitadanganyika.

Hiyo ni nusu ya swali. Nusu ya pili, ya jinsi ya kuyasoma makosa haya, nitakupa kwa njia ninayoitumia kila siku. Ninapoona herufi katika kosa la aina, sianzi kwa kuuliza ni aina gani. Nauliza: nani anayeichagua? Kuna anayeiandika funksheni, na kuna anayeiita, ambaye hapa nitamwita mwitaji. Herufi iliyo kwenye tamko la funksheni huchaguliwa na mwitaji. Mwandishi hana kauli juu yake.

Angalia hii:

```haskell
kwanza :: [a] -> a
kwanza []    = '?'
kwanza (x:_) = x
```

Mwandishi amewaza: `a` ni aina yoyote, alama ya maandishi nayo ni aina, basi naruhusiwa kurudisha `'?'`. Kompaila inajibu kwamba `a` ni "rigid type variable", yaani herufi iliyokazwa, isiyojazika na chochote. Imekazwa kwa sababu wakati mwili wa funksheni unakaguliwa, mwitaji bado hajachagua. Kesho anaweza kuleta orodha ya namba akitegemea kupewa namba, na wewe ungempa alama ya kuuliza. "Aina yoyote" maana yake ni yoyote atakayoitaka yeye. Ukiona neno `rigid` katika ujumbe, ujue mwandishi wa funksheni amejaribu kuchagua mahali ambapo alishamwachia mwingine achague.

Tiba ni kuirudisha ahadi kwenye kipimo cha uwezo wako. Unaweza kusema wazi kwamba huenda hakuna kitu, kwa `[a] -> Maybe a`. Au umwachie mwitaji akupe na kitu cha akiba, kwa `a -> [a] -> a`.

Kuna sura ya kosa hili iliyo mbaya zaidi, kwa sababu inakuja na ushauri. Badilisha `'?'` uweke `0`. Ujumbe sasa hautaji herufi iliyokazwa:

```
No instance for (Num a) arising from the literal ‘0’
```

Kisha unapendekezewa kuongeza `Num a` kwenye tamko. Ukifuata, programu inakubaliwa. Usifuate kwa haraka. Tofauti imetokana na ukweli kwamba `0` katika Haskell yenyewe ni polimofiki: inaweza kuwa namba ya aina yoyote iliyomo katika klasi ya `Num`, yaani kundi la aina zinazokubali hesabu. Kompaila ikaona njia moja ya kuokoa hali, nayo ni mwitaji awe analeta namba tu. Umeshafunga mlango kwa kila anayetaka `kwanza` ya maandishi, na kosa litaibuka kesho katika faili jingine, likimlaumu mtu ambaye hakufanya kosa. Niliwahi kukubali pendekezo la namna hiyo katika mradi mmoja, na kila funksheni iliyoita ile ya kwanza nayo ikadai sharti hilohilo, mpaka likafika mahali ambapo data haikuwa namba kabisa. Kurudi nyuma kulichukua siku mbili. Tangu hapo, kompaila inaponishauri niongeze sharti la klasi, nauliza kwanza kama kazi ya funksheni hii kweli inahitaji namba, au mpangilio, au ulinganishaji. `kwanza` haihitaji. Kwa hiyo kilichokosewa ni hiyo `0`, tamko halina dosari.

Niseme kidogo kwa nini naijali sana ahadi hii, maana wanafunzi wengine huiona kama usumbufu. Ukiniletea funksheni ya aina `[a] -> [a]` bila sharti lolote, mimi bila kuusoma mwili wake najua kwamba kila kitu kilichomo katika orodha inayotoka kilikuwamo katika orodha iliyoingia. Inaweza kupunguza, kurudufu au kupanga upya nafasi, lakini haiwezi kubuni kitu, na haiwezi kuamua kwa kuangalia thamani, kwa sababu haijui inashika nini. Ukiongeza `Ord a`, umeiruhusu kulinganisha. Ukiongeza `Num a`, umeiruhusu kubuni. Kila sharti unaloongeza linapunguza ninachoweza kukijua kwa kutazama tamko tu.

Tuendelee na swali la nani anachagua, kwa kuligeuza. Jaribu hii bila tamko:

```haskell
wote f = (f 'k', f True)
```

Ulikusudia kuipa `id`, funksheni ambayo hurudisha ilichopewa. `id` inakubali alama, inakubali `Bool`, basi kwa nini ikataliwe? Kompaila inasema ilitarajia `Char` ikapata `Bool`. Sababu ni kwamba kigezo cha funksheni, tofauti na jina lililofafanuliwa kwa `let`, hupewa aina moja tu ndani ya mwili mzima. `f` ikishakutana na `'k'`, imekuwa ya `Char`. Ukiandika `let f = id in (f 'k', f True)` inapita bila shida, kwa sababu hapo kompaila inauona mwili wa `f` na kuthibitisha kwamba ni wa aina yoyote. Kigezo hakina mwili wa kuutazama, ni kitu kitakachokuja baadaye.

Ukitaka kweli, itabidi useme mwenyewe, kwa kiendelezi cha `RankNTypes`:

```haskell
wote :: (forall a. a -> a) -> (Char, Bool)
```

Tazama `forall` ilipokaa: imeingia ndani ya mabano. Sasa mchaguzi amebadilika. Mwandishi wa `wote` ndiye anayechagua `a`, na anaichagua mara mbili, na mwitaji ndiye anayepaswa kuleta kitu kinachotimiza ahadi kwa aina yoyote. `wote id` inapita. `wote not` inakataliwa, na safari hii lawama ya herufi iliyokazwa inamwangukia mwitaji, kwa kuwa `not` inajua `Bool` tu. Usitegemee kompaila ikubainishie aina za namna hii yenyewe. J. B. Wells alithibitisha mwaka 1994 kwamba ukiruhusu `forall` ikae popote bila mipaka, hakuna utaratibu wa kompyuta unaoweza kubaini aina kwa kila programu. Tamko hapo ni la lazima kihisabati, si suala la unadhifu.

Na kuna herufi ambayo hakuna anayeichagua. `show (read s)` ndiyo mfano wake. `read` inageuza maandishi kuwa thamani ya aina fulani, `show` inaigeuza tena kuwa maandishi, na hiyo aina ya katikati haionekani popote: si katika kinachoingia, si katika kinachotoka. Kompaila inalalamika kuhusu `a0` isiyoeleweka. Mara nyingi herufi yenye sifuri pembeni ni nafasi ambayo kompaila ilitazamia kuijaza, tofauti na herufi iliyokazwa ambayo imekatazwa kuijaza. Ijaze wewe: `show (read s :: Int)`. Kosa hili halina uzito zaidi ya hapo.

Sasa lile la kosa kuhama mistari. Hili ndilo linalowakatisha watu tamaa, na lina sababu. Kompaila haijui umekosea wapi. Inachojua ni mahali ambapo aina mbili zimeshindwa kuoana, na mahali hapo hutegemea ilianza kusoma wapi na ilikuwa imeshaamini nini kabla ya kufika. Chukua mfano mfupi:

```haskell
wastani xs = sum xs / length xs
```

Hakuna tamko. `length` hurudisha `Int`. Alama ya kugawanya inataka pande zote mbili ziwe aina moja, basi jumla nayo inageuzwa kuwa `Int`. Kisha `/` inadai aina hiyo iweze kugawanyika kwa desimali, na `Int` haiwezi. Ujumbe unasema hakuna `Fractional Int`, na kidole kinaelekezwa kwenye `/`. Mwanafunzi anaitazama `/` na kujiuliza kugawanya kuna kosa gani. Hakuna.

Ongeza mstari mmoja tu juu yake:

```haskell
wastani :: [Double] -> Double
```

Hujarekebisha kitu, lakini kosa limehama. Sasa linasema ilitarajiwa `Double` ikapatikana `Int`, na linaonyesha `length xs`, mahali penyewe hasa. Kilichobadilika ni imani ya kuanzia. Mwanzo kompaila iliijenga imani yake kutoka kwa `length`, na kwa hiyo kila kilichopingana nayo kikaonekana mkosaji. Tamko limeipa imani yako wewe, na `length xs` ndiyo ikaonekana inapingana nayo. Dawa ni `fromIntegral (length xs)`. Kwa hiyo kosa likihama usilifukuze. Weka tamko kwenye kila funksheni iliyo ngazi ya juu ya faili kabla hujagusa kitu kingine, kisha usome ujumbe upya. Wewe ulikuwa unabadilisha msimbo ili kosa liondoke, na kila badiliko likawa linaipa kompaila imani mpya isiyo yako.

Kuna jambo moja linalofanana na hilo utakalokutana nalo karibuni, maana kila mtu hukutana nalo:

```haskell
jumla = foldr (+) 0

nzima  = jumla [1, 2, 3 :: Int]
sehemu = jumla [1.5, 2.5 :: Double]
```

Ukiiandika `jumla` moja kwa moja kwenye GHCi, sehemu ya GHC ya kujaribia msimbo papo hapo, inafanya kazi kwa aina zote mbili. Kwenye faili, mmoja wa mistari miwili ya chini unakataliwa. Haskell ina kanuni kwamba jina lililofafanuliwa bila kigezo upande wa kushoto, bila tamko, na lenye sharti la klasi kama `Num`, halipewi upolimofiki. Linachukua aina moja kutokana na linavyotumika katika faili, na anayelitaka kwa aina nyingine anakosa. GHCi huizima kanuni hiyo kwa unayoyaandika papo hapo. Andika tamko, au andika kigezo chenyewe, `jumla xs = foldr (+) 0 xs`, na tatizo linaisha.

Ukihamia OCaml, lugha ya ukoo wa ML, utaikuta kanuni inayofanana kwa nje ingawa chanzo chake ni kingine. `let hifadhi = ref []` inapewa aina `'_weak1 list ref`. Hiyo `weak` maana yake ni herufi ambayo bado haijajazwa, na ikijazwa mara moja basi imekwisha. Ukiweka namba humo, maandishi hayaingii tena. Hapa tahadhari ni ya lazima: hifadhi inayoweza kubadilishwa ikiachwa iwe ya aina yoyote, mtu angeweka namba upande mmoja na mwingine akaisoma kama maandishi. Kanuni inayotumika, ya kuruhusu upolimofiki kwa thamani zilizokwisha kukamilika tu, ilipendekezwa na Andrew Wright mwaka 1995. Inagusa hata visivyo na hatia, kama `let zote = List.map (fun x -> x)`, na tiba ni ileile ya kuandika kigezo: `let zote l = List.map (fun x -> x) l`.

Na kwa kuwa umetoka kuteseka na herufi za matamko, ujue kwamba OCaml inazisoma kinyume. Hii inakubaliwa:

```ocaml
let ongeza : 'a -> 'a = fun x -> x + 1
```

Herufi `'a` hapo si ahadi, ni nafasi iliyo wazi, na kompaila inaijaza kwa `int` bila kukuambia neno. Ukitaka iwe ahadi kama ya Haskell, andika `'a. 'a -> 'a`, na papo hapo itakukatalia kwamba aina uliyoleta ni finyu kuliko uliyoahidi. Nimeona watu waliotoka lugha moja kwenda nyingine wakiliamini tamko ambalo halikuwa linalinda kitu.

Kosa moja zaidi, kwa sababu linatisha kuliko linavyostahili: kompaila ikisema haiwezi kujenga aina isiyo na mwisho, `a ~ [a]`. Maana yake ni kwamba kitu kimetakiwa kiwe sawa na orodha ya vitu kama hicho chenyewe. Karibu kila mara umeandika `:` mahali pa `++`, au umebadilishana pande, kama `geuza xs : x`. Tazama alama hizo kwanza.

Kabla hujaongeza `forall` kwenye faili lako, nataka ufanye jaribio moja. Acha tamko la ndani lilivyo, kisha kwenye mstari unaokataliwa badilisha `kipimo x` uandike `kipimo _x`. Jina linaloanza na alama ya `_` na ambalo halijafafanuliwa huwa ni shimo. GHC, tangu toleo la 7.8 la mwaka 2014, inapokuta shimo hukuambia panahitajika kitu cha aina gani, na hukuorodheshea vitu ulivyonavyo karibu pamoja na aina zake. Itasema `_x :: a`. Teremka kwenye orodha iliyo chini yake utafute `x`. Utaikuta imeandikwa `x :: a1`, na pembeni namba ya mstari ilikotoka. Kisha weka `forall a.` pamoja na kiendelezi, liache shimo palepale, na uiite kompaila tena. Safari hii `x` iliyomo katika orodha hiyo itasomeka `x :: a`.